Nani Atamsindikiza Mtu wa Miaka 45?

(Hotuba kwa wazazi, walimu na vijana mjini Lamu. Imeandikwa kutoka kwenye kinasa sauti na kupunguzwa hapa na pale.)

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mashekhe, walimu wenzangu, mama zangu, kina baba mliokaa karibu na mlango tayari kutoroka, na nyinyi vijana mliokosa viti: karibuni nyote. Nimeitwa nizungumzie malezi. Nitayazungumzia, ila si malezi ya watoto peke yake. Watoto wa mji huu, alhamdulillahi, wana macho mengi ya kuwatazama. Kuna watu wengine tumewasahau, na wengi wao ndio waliojaa humu ukumbini.

Hebu tuhesabu pamoja. Mtoto akizaliwa, anaadhiniwa sikioni. Siku ya saba ananyolewa na kufanyiwa akika. Mamake anakaa arobaini: anakandwa, anapikiwa, haguswi na kazi nzito. Mtoto akikua anapelekwa chuoni kusoma Kurani, na akihitimu watu wanakula wali. Mvulana anapashwa tohara, haachwi peke yake. Msichana akivunja ungo ana somo wake wa kumwambia mambo ambayo mama mzazi anaona haya kuyasema. Harusi ndiyo usiseme. Kina mama wanatoka na vugo, wanaume wanacheza kirumbizi, bwana harusi anasindikizwa hadi mlangoni, na bibi harusi ana wa kumpamba na wa kumfunza. Halafu fungate. Baada ya fungate?

(Ukumbi ulinyamaza, kisha mzee mmoja akasema: "Madeni.")

Madeni, naam, Allah akuhifadhi mzee wangu. Baada ya fungate tunarudi majumbani kulala, na mara nyingine tutakapojipanga kumsindikiza mtu yule, tutakuwa tumembeba kwenye jeneza. Mjane wake ataketi eda miezi minne na siku kumi, na hapo tena kuna utaratibu: nani amlishe, nani alale naye. Lakini kati ya fungate na jeneza kuna miaka 40, pengine 50, na katika miaka hiyo yote mtu tunamwacha ajijue. Tunamhesabu kuwa amekwisha kukua.

Wataalamu wa saikolojia nao waliishi na dhana hiyo muda mrefu. Jean Piaget wa Uswisi, aliyeeleza vizuri jinsi fikra za mtoto zinavyojengeka ngazi kwa ngazi, ngazi zake zinakomea kwenye ujana. Aliyefungua njia zaidi ni Erik Erikson, mzaliwa wa Frankfurt aliyehamia Marekani. Mwaka 1950 aliandika kwamba maisha ya mtu yana vipindi 8, na kila kipindi kina mvutano wake wa ndani ambao mtu lazima aupitie. Vipindi 3 kati ya hivyo 8 vinakuja baada ya ujana. Huyu bwana, kwa njia, hakuwahi kumjua baba yake wa damu, na jina la Erikson alijichagulia mwenyewe ukubwani alipopata uraia wa Marekani. Sishangai kwamba ndiye aliyetuambia kijana hutafuta jibu la swali "mimi ni nani?"

Kwa watoto wachanga sitakaa sana. Niseme mawili, kwa sababu yametoka kwetu huku Afrika Mashariki na watu wetu hawayajui. Mwaka 1954 Mary Ainsworth alifika Uganda, akawa anazitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akiangalia jinsi watoto wanavyofungamana na mama zao. Aliona kuwa mtoto ambaye mamake anamwelewa, anajua kilio hiki ni cha njaa na kile ni cha usingizi, ndiye anayethubutu kutambaa mbali, kwa kuwa ana pa kurudi. Nadharia ya mafungamano inayofundishwa leo duniani kote ina mizizi katika vyumba vile vya Uganda.

La pili ni la hapa hapa Kenya. Katika miaka ya 1970 Charles Super alikaa Kokwet, kwa jamii ya Kipsigis. Aligundua watoto wa pale hukaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani, kama mwezi mmoja hivi. Siri yake? Mama wa Kipsigis humfundisha mtoto kukaa: humchimbia kishimo ardhini na kumtegemeza humo, na mtoto hushikwa akatembezwa. Kutambaa hawafundishwi, na katika kutambaa hawakuwa mbele hata kidogo. Basi hata jambo tunalodhani ni la mwili tu, jamii ina mkono wake ndani. Mtu hukua upande ule anaoshikwa mkono. Mniwekee hilo, nitalihitaji baadaye.

Sasa vijana. Nyinyi mliosimama, sikilizeni. Na wazazi, msikilize zaidi. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo na kuzuia pupa, inaendelea kukomaa hadi miaka ya katikati ya ishirini. Hili limesemwa sana, hata limekuwa kisingizio. Linalonivutia mimi ni jingine. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwapa watu 306 mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Wengine walicheza peke yao, wengine wenzao wakiwatazama. Wa miaka 13 hadi 16 walipotazamwa na wenzao walihatarisha gari kupita kiasi. Walio na miaka 24 na zaidi hawakubadilika sana, watazamwe wasitazamwe.

Lamu hatuna barabara za kushindania magari, lakini boti tunazo. Kijana yule yule anayepeleka boti Mokowe kwa utulivu akiwa na mama na mizigo yake, mpakilie rafiki zake wanne jioni ile ile uone. Akili haikumtoka, wala hakulelewa vibaya. Macho ya wenzake yana uzito ambao sisi wakubwa tumeusahau. Kwa hiyo kumkalisha mtoto wa miaka 16 ukamhubiria saa nzima kuhusu unga wa kulevya, kuhusu kutafuna muguka, kuhusu kasi, kunatusaidia sisi kupumua kuliko kunavyomsaidia yeye. Faida iko katika kujua anakaa na nani baada ya Isha, na katika kuhakikisha kwenye boti ile yupo mtu mmoja mzima ambaye hachukii kelele zao.

Kuna kundi linaloniuma zaidi ya hao. Mwaka 2000 Mmarekani Jeffrey Arnett alieleza kipindi alichokiona kati ya miaka 18 na 25: mtu si mtoto tena, bado hajawa mtu mzima, anajaribu kazi hii na ile, anahama, anachunguza. Nikiwasomea vijana wa hapa hucheka. Wanasema, "Mwalimu, sisi hatujaribu, tunangoja." Na kweli, kijana wa Langoni ana miaka 29, cheti kimo ndani ya bahasha, kazi hana, mahari hana. Kwa kuwa kwetu mlango wa utu uzima ni ndoa, aliyekosa uwezo wa kuoa amebaki nje ya mlango. Barazani bado anaagizwa kahawa. Kumpa kazi siwezi, lakini kumpa heshima ya mtu mzima tunaweza kesho asubuhi: akabidhiwe hesabu ya msikiti, asimamie mazishi, aulizwe rai yake kwenye kikao cha ukoo na rai hiyo ifuatwe. Mtu hawi mzima kwa kuoa tu. Huwa mzima pale watu wanapomtegemea.

Tufike sasa kwa wale niliowajia.

Mchukueni mwanamume wa miaka 45. Watoto wameanza kutoka: mmoja Mombasa, mwingine Nairobi, binti yuko Ghuba anatuma pesa na sauti za WhatsApp. Babake amefariki, kwa hiyo yeye ndiye mkubwa, na kila anayeugua katika ukoo simu inalia kwake. Maandishi ya gazeti yamekuwa madogo na hataki kukiri kuwa ni macho. Usiku anaamka saa tisa, anatazama boriti. Nani amemwambia kwamba haya ni sehemu ya kukua?

Mwaka 1965 Elliott Jaques aliandika kuhusu misukosuko ya katikati ya umri, na magazeti yakalidaka neno hilo mpaka leo. Tafiti kubwa zilizofuata Marekani zilionyesha kuwa walio wengi hawapatwi na msukosuko wowote wa namna hiyo, na wanaopatwa, mara nyingi wametikiswa na tukio, kama kupoteza kazi, ugonjwa, msiba au talaka. Miaka peke yake haimtikisi mtu. Kwa hiyo bwana anayejitetea kwamba ni umri uliomtuma kuoa kimyakimya kule Malindi, sayansi inamruka.

(Kicheko, hasa upande wa kina mama.)

Msicheke sana mama zangu, zamu yenu imefika. Mwanamke akikaribia miaka 50, kidogo kabla au baada, hedhi inakoma. Joto la ghafla linampanda akiwa jikoni, usingizi unakatika, hasira inakuja bila kubisha hodi, na kumbukumbu inamchezea. Kwa wengine hupita bila kishindo, kwa wengine huchukua miaka. Sasa niambieni: msichana alipovunja ungo tulimpa somo. Mwili umegeuka mara moja, mtu mzima akakaa naye chumbani akamweleza. Leo mwili huo huo unageuka mara ya pili, na yeye ana mume, ana wakwe, ana mama mzee wa kumwogesha, na hana hata mtu mmoja wa kumwambia kwamba hili lina jina na lina mwisho. Nimekaa na wanawake waliodhani wamerogwa. Nimekaa na waliodhani wanapata wazimu, wakaficha, na waume zao wakasema mke amebadilika, hanitaki. Masomo na makungwi mlioko hapa, kazi yenu mmeiacha nusu. Yule mwari uliyemfunza mwaka 1995, yuko wapi leo? Mwendee. Safari hii humfunzi mambo ya chumbani. Unakwenda kumwambia "hata mimi".

Erikson alisema katika umri huu mvutano ni baina ya kukuza wengine na kudumaa. Mtu wa makamo ana haja ya kuona kwamba kuna kitu kinaendelea baada yake. Asipokipata, anaanza kujilea mwenyewe kama mtoto: anadai, ananuna, anahesabu nani hakumsalimu. Kukuza wengine si kuzaa tu. Fundi wa Matondoni anayemwachia kijana ashike tezo kwenye ubao wa jahazi, akavumilia ubao ukiharibika, yumo. Mwalimu wa chuo asiye na mtoto wake yumo.

Na mfano mkubwa tunao kwenye visiwa vyetu hivi. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa mgonjwa alipotunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake. Si lazima tukubaliane leo na kila shauri alilompa. Wasomi wamebishana na wataendelea. Lakini tazameni tendo lenyewe: mwanamke anajua siku zake zimepungua, anaketi, anaagiza wino na karatasi, anayapanga aliyoyajua ili mwanawe asiende duniani mikono mitupu. Erikson alikuwa hajazaliwa.

Niongeze moja kuhusu wanaume. Chuo Kikuu cha Harvard kilianza mwaka 1938 kufuatilia maisha ya wanafunzi wake 268, na baadaye wakaunganishwa na vijana 456 wa mitaa maskini ya Boston. Wote wanaume, wote weupe, kwa hiyo tusiwabebe kama kipimo cha dunia nzima. Ila wamefuatiliwa mpaka uzeeni, na jambo hilo ni nadra. Walipotazama waliofika miaka 80, kilichobashiri afya yao vizuri kuliko kiwango cha kolesteroli ni jinsi walivyokuwa wameridhika na watu wao walipokuwa na miaka 50. Sisi tuna baraza, mtasema, na kweli tunazo. Lakini mtu anaweza kukaa baraza moja miaka 20, akajadili siasa, mpira na bei ya kamba, na asiwepo hata mmoja anayejua kwamba halali usiku. Mazungumzo yapo tele. Ya moyoni ndiyo hayapo. Siwaambii mlie mbele za watu. Nawaambia mmoja wenu siku moja amuulize mwenzake mara mbili. Mara ya kwanza atasema "salama tu."

Wazee wangu, sijawasahau. Kwenu nina habari njema na nyingine si njema.

Akili haizeeki yote kwa pamoja. Raymond Cattell alitofautisha akili ya wepesi, ile ya kutatua jambo jipya haraka, na akili ya akiba, yaani maarifa na maneno uliyoyakusanya. Wepesi huanza kushuka mapema, kabla hata mvi hazijatoka. Akiba hudumu, na kwa wengi huongezeka hadi uzeeni. Ndiyo maana babu anasahau jina la mjukuu aliye mbele yake lakini kwenye kesi ya mpaka wa shamba hakuna anayemfikia. Paul Baltes, Mjerumani, alipenda kutoa mfano wa Arthur Rubinstein, mpiga piano aliyepiga hadi uzeeni. Alipoulizwa anawezaje, alisema anapiga vipande vichache, anavifanyia mazoezi zaidi, na kabla ya sehemu ya kasi anapunguza mwendo ili kasi ile ionekane kubwa. Nahodha mzee anayeacha safari za upepo mkali wa kusi, akabakiza za upepo mpole wa matlai, na usukani akampa mwanawe huku yeye akisoma maji, anafanya hayo hayo. Hajashindwa, amechagua.

Laura Carstensen naye alionyesha kwamba wazee hupunguza marafiki kwa hiari. Wanabaki na wale wa moyoni, na kwa jumla hisia zao ni tulivu kuliko za vijana. Na cha ajabu, si miaka inayofanya hivyo. Hong Kong ilipokaribia kurudishwa China mwaka 1997, hata vijana wa huko walianza kuchagua watu wao wa karibu kama wanavyochagua wazee. Ukihisi muda unafupika, unajua nani ni nani. Kwa hiyo bibi akikataa kwenda harusi ya watu 300 na akataka tu mjukuu mmoja aje akae naye, msimwambie ana kiburi.

Na tuchunge ndimi. Becca Levy na wenzake walichapisha mwaka 2002 utafiti wa watu 660 wa mji mmoja wa Ohio: waliokuwa na mtazamo mzuri kuhusu kuzeeka kwao waliishi wastani wa miaka 7.5 zaidi ya waliokuwa na mtazamo mbaya. Sisi tunasema utu uzima dawa, kisha siku ya pili tunamwita mtu kizee akiwa anasikia.

Habari isiyo njema: kuna kusahau kwa kawaida na kuna ugonjwa. Kusahau ulikoweka miwani ni kawaida. Kusahau miwani ni ya nini, kupotea kwenye uchochoro uliozaliwa, kumshuku mwanao kuwa mwizi, hayo ni ya hospitali. Majirani zetu wa Kaunti ya Kilifi wamezika wazee waliouawa kwa tuhuma za uchawi. Mzee anayetembea usiku akisema peke yake anaweza kuwa mgonjwa wa ubongo, na jamii isiyojua ugonjwa huo humpa jina jingine. Tusijipongeze kwamba kwetu hatuui. Kumfungia mtu chumba cha juu asionekane na wageni pia ni jambo.

Erikson alikiita kipindi cha mwisho kuwa ni cha kuyakubali maisha yako yalivyokuwa. Alipofariki mwaka 1994, mkewe Joan, naye akiwa ameshapita miaka 90, aliongeza kipindi cha tisa. Hoja yake ilikuwa kwamba kwenye umri mkubwa kabisa mwili unakusaliti, na ile mivutano ya utotoni inarudi: je, naweza kumwamini anayenilisha? Je, bado nina hiari? Maswali ya mtoto mchanga, kwa mtu aliyelea watu wazima. Nilipoyasoma nilikumbuka kile kishimo cha Kokwet: mzee naye anahitaji wa kumtegemeza.

Nimemaliza yangu. Maswali.

(Yaliulizwa mengi. Hili moja ameomba mwenyewe liandikwe, bila jina. Mama mmoja alisema mamake huuliza kila dakika ikiwa baba amerudi kutoka baharini, na baba alifariki zamani. Akimwambia ukweli analia upya kila mara. Afanye nini?)

Kwanza mpeleke Hospitali ya King Fahd apimwe, kwa sababu maambukizi, tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, huzuni nzito au dawa anazotumia vinaweza kuvuruga akili ya mzee, na hivyo vina tiba. Pili, usimzike baba kila siku. Akiuliza kama amerudi, muulize alikuwa akileta samaki gani, jahazi lake lilikuwa la nani. Atakuhadithia, na moyo utatulia. Sasa nikuulize mimi. Nani anamwogesha? Wewe. Usiku nani analala naye? Wewe. Una umri gani?

("Hamsini na mbili.")

Unalala?

("Silali, mwalimu.")

Una ndugu wangapi mjini hapa?

("Watatu. Kaka zangu. Mmoja yule kule mlangoni.")

Bwana wa mlangoni, usitoke kwanza. Alhamisi na Ijumaa mama atalala kwako, na mkeo asiachiwe peke yake, utaamka wewe. Na nyinyi kina mama mlio karibu naye hapo, nani kati yenu alikuwa kwenye harusi ya huyu? Haya, inua mkono juu nikuone. Jumapili alasiri utakuwa kwake.